Unataka Tenda ya Serikali? Kagua Makaratasi Kwanza

Serikali hununua vitu vingi vya kawaida: unga wa shule za bweni, sabuni za zahanati, viti vya ofisi, ukarabati wa vyoo. Kwa Tanzania, huhitaji kuwa tajiri wa Kariakoo ili uuze.

1. Jina liwe moja. Cheti cha BRELA, TIN, leseni na akaunti ya benki visome sawasawa. Leseni ikiandika "Traders" na benki ikaandika "Trading", umejipa kazi ya kujieleza kabla hata bei yako haijasomwa.

2. Jisajili NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Zabuni za umma zinapita humo tangu 2023, ulipochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Chagua shughuli inayolingana na leseni yako. Kijana wa steshenari anaweza kukusaidia kujaza, lakini nywila ibaki kwako.

3. Vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi ya umma. Mna kikundi? Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Wengi hulalamika kwamba tenda zina wenyewe, na ofisi hiyo hawajawahi kuikanyaga.

4. Kodi iwe safi TRA, na risiti za mashine ya EFD zitoke.

5. Bei, hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme umeshinda tenda ya kupeleka mahindi shule iliyo mlimani Lushoto: lori linapanda kwa shilingi ngapi? Vibarua wa kushusha anawalipa nani? Bado kuna kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa. Halafu malipo yanaweza kuchelewa miezi, wakati aliyekukopesha mahindi anapiga simu kila Jumatatu. Kama mtaji hauwezi kulala nje muda huo, omba tenda ndogo kwanza, au uliza benki kama inakopesha kwa LPO (hati ya agizo la ununuzi).

6. Bila LPO, mzigo usitoke dukani. "Lete tu, karatasi tutaandika kesho" ni maneno matamu ya mtu ambaye kesho anaweza kuhamishwa kituo. Ukifikisha, hakikisha kamati ya mapokezi imekagua na kusaini, nawe ubaki na nakala.

7. Ukiombwa "teni pasenti", kataa. Mzabuni anayebainika kuhonga anaweza kufungiwa na PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, na hapo hutauza hata kalamu kwa taasisi yoyote ya umma mpaka kifungo kiishe.