Mtoto yuko darasa la nne, hajui kusoma

Swali: Shule yetu ya kijiji ina madarasa mapya, lakini watoto wa darasa la nne hawasomi. Tudai nini?

Jibu: Daini mwalimu mahiri darasa la kwanza. Marekebisho ya mtaala wa Tanzania ya 2015 yaliyapa madarasa mawili ya mwanzo kazi moja kuu: KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Asiyezishika stadi hizo hapo, hata sayansi inampita. Mkitaka kujua kama mtoto anasoma kweli, mpeni aya asiyowahi kuiona. Aliyezoea kukariri ukurasa atakwama palepale. Mtaambiwa wanafunzi wamefurika tangu elimu bila malipo ianze 2016, na walimu ni wachache. Ni kweli kabisa. Lakini uchache huo ndio sababu ya kutowarundika walimu hodari darasa la saba kwa ajili ya mtihani, wadogo wakaachiwa yeyote aliyebaki. Wazazi wamo kwenye kamati ya shule. Wao waulize kuhusu mgawanyo huo wa walimu.