Mzigo Ukae Wapi? Somo Fupi Kabla ya Safari

Kila tukipanga safari ya kutoka Okolona kwenda kwa wenzetu Columbus au Buffalo, swali huwa ni moja: vani itaenea watu wangapi? Swali zito zaidi hatuulizani: uzito wote huo utakaa wapi?

Tuanze na gari dogo. Likisimama, tairi za mbele na za nyuma zinagawana uzito. Ukikanyaga mafuta, sehemu ya uzito inahamia nyuma. Ukishika breki, inahamia mbele. Kupata kiasi kinachohama, zidisha masi ya gari kwa mchapuko na kwa kimo cha kitovu cha uzito, halafu gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Chukua gari la kilo 1,500, kitovu sm 55 juu ya ardhi, umbali wa ekseli mita 2.7, mchapuko mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Jibu ni kama nyutoni 917, yaani uzito wa kilo 93 hivi.

Ndiyo maana gari linalovutwa na tairi za mbele, ukiliondoa kwa pupa, tairi zinazunguka bure: uzito umezikimbia. Corvette, inayoundwa hapa hapa Kentucky, mjini Bowling Green, tangu 1981, ilihamishiwa injini nyuma ya dereva kuanzia modeli ya 2020. Tairi zake za nyuma, zinazoisukuma, zikapata uzito wa kukamata barabara.

Sasa tuje kwenye vani ya viti 15. Kiti cha mwisho kiko nyuma ya ekseli ya nyuma. Tuseme watu na mabegi ya kilo 200 wako mita 1 nyuma ya ekseli hiyo, na ekseli zimeachana mita 3.5. Gari linakuwa kama pembea: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 257, ya mbele inapunguziwa 57. Na tairi za mbele ndizo za usukani! Ukifunga mabegi kwenye keria pia, kitovu kinapanda, na ukikwepa kitu ghafla gari linapinduka kirahisi zaidi.

Si maneno ya kutishana. Mwaka 2001 idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitahadharisha kwamba vani hizi zikibeba watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali za gari moja kilikaribia mara tatu ya zikiwa na watu wachini ya 5. Magari mapya yana kompyuta ya kuzuia kuteleza, lakini kompyuta haihamishi mzigo.

Basi safari ijayo tujaze viti vya mbele kwanza. Mabegi yakae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, na keria ibaki tupu. Tupime upepo wa tairi kabla hazijapata moto, na kila mtu afunge mkanda. Tukifika 10, tukodi gari la pili. Mchango utapanda kidogo, lakini wote tutafika.