Koo la mtoto na moyo wake

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 haishi kuumwa koo. Tunalala watu sita chumba kimoja hapa Makorora, Tanga. Eti koo laweza kuharibu moyo?

JIBU: Ni kweli mama, ingawa si kila koo. Hatari ni bakteria wa streptokoka, wanaoenea haraka watu wanapobanana. Mtoto asipotibiwa, wiki 2 hadi 3 baadaye kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Vali zikiharibika, moyo huchoka, na unaweza hata kusimama ghafla. Kwa kuwa huanzia kwenye maambukizi yasiyotibiwa, ugonjwa huu wa moyo huwaandama zaidi watoto wa nyumba zenye msongamano na wanaochelewa kufika zahanati.

Koo likiuma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, mpeleke akapimwe. Akiandikiwa penisilini, amalize dozi hata akipata nafuu. Magoti yakivimba, akihema kwa shida au akizimia, mwahishe Hospitali ya Bombo. Mwenye vali zilizoathirika huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Akichelewa, huenda akahitaji upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Usisubiri kufika huko.