Ni Kipaji, ni Ugonjwa, au Ameitwa?

Barua imetoka Lizaboni, Songea. Aliyeiandika ni dada mwenye wasiwasi juu ya mdogo wake. Kijana huyo alikuwa akiongoza darasa kwa hesabu. Siku hizi halali, anajaza madaftari tarakimu na kusema Mungu ndiye anayemtumia. Baba anasema ni kipaji. Mama anasema anaumwa. Bibi anasema mjukuu ameitwa, aachwe. Kwa kuwa ndugu hao wawili wanapenda sinema, dada anaomba filamu za kutazama naye, za akili nyingi, wazimu na imani, wapate pa kuanzia mazungumzo.

Aanze na ya nyumbani. Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, mwaka 2001. Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza miaka mingi. Daktari Mmarekani mweusi anakuja kumtibu, na kumbe mgonjwa ana mwingine anayezungumza naye: mzimu wa kale. Filamu inakwenda polepole, lakini haiwacheki wanaoamini mizimu wala haiidharau hospitali. Bibi aitwe aitazame pia.

Ya pili inatoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa. The Boy Who Harnessed the Wind (2019), iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, inamhusu William Kamkwamba wa Malawi, aliyekatishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akaokota vyuma chakavu, akataka na baiskeli ya baba yake, ili atengeneze mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo. Majirani walimwona mwehu. Alikuwa mzima kabisa, na mtambo ulifanya kazi.

Lakini si kila kijana wa madaftari ni Kamkwamba, na hapo ndipo inapohitajika A Beautiful Mind (2001). John Nash, mwanahisabati Mmarekani, alikuwa na kipaji na ugonjwa kwa pamoja: aliugua skizofrenia, na mwaka 1994 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dada ajue kwamba watu wasiokuwepo ambao Nash anawaona kwenye filamu wamebuniwa; Nash wa kweli alisumbuliwa zaidi na sauti na imani za ajabu, kama vile kupokea ujumbe wa siri. Huenda mdogo wake akajitambua hapo, akasema mwenyewe lisilosemeka mezani.

Pi (1998) ya Darren Aronofsky ni kali na nzuri, ila isiingie kwenye flashi kwa sasa. Inamhusu mtu anayesaka siri za Mungu ndani ya tarakimu, na mwishowe anajidhuru vibaya. Inamkaribia mno kijana asiyelala.

Kukosa usingizi na kupokea tarakimu kutoka mbinguni havisubiri filamu iishe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapo hapo Songea. Wanaotaka kumwombea wamwombee, ila wasimlazimishe kufunga kula wala wasimzuie dawa atakazoandikiwa. Dada ampeleke wiki hii, na mama afuatane nao.