Nembo ya shirika unalolipenda: shabiki aishie wapi?

Mafuriko yakitokea tu, nembo ya Msalaba Mwekundu huenea kwenye simu za watu. Mmoja anaiweka kwenye picha ya akaunti yake ya WhatsApp kuwaunga mkono waokoaji. Mwingine anaibandika juu ya tangazo la kuchangisha mablanketi, na chini yake anaandika namba yake mwenyewe ya kupokelea pesa. Wote wanaweza kuwa na nia safi, lakini nembo ile ina mwenyewe, naye hakuulizwa.

Wengi hudhani shirika lisilofanya biashara haliwezi kuwa na alama ya biashara. Linaweza, na mengi yanazo, zimesajiliwa kama zinavyosajiliwa za kampuni za soda: Kenya kwa KIPI, taasisi ya haki miliki, na Tanzania Bara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Tena shirika la hisani lina sababu kubwa zaidi ya kuilinda alama yake. Mnunuzi wa soda ataionja mwenyewe na kujua kama amepunjwa. Mchangiaji hutoa fedha zimfikie mtu ambaye hatamwona kamwe, na anachokiamini ni nembo basi. Ndiyo maana WWF, shirika la uhifadhi ambalo nembo yake ya panda ilichorwa mwaka 1961, halikuona haya kwenda mahakamani London kupambana na kampuni ya mieleka ya Marekani iliyokuwa ikitumia herufi zilezile tatu. Wanamieleka walishindwa, na mwaka 2002 wakajiita WWE.

Shabiki wa kawaida hana haja ya kuogopa mahakama. Ajiulize jambo moja kabla ya kuposti: mtu asiyenijua akiona hiki, atadhani ni shirika lenyewe linalosema? Kulitaja shirika kwa jina, kulisifu, hata kulisema vibaya kwa ukweli, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kusambaza posti yake kama ilivyo ni msaada mtupu, na nembo imo humo humo. Picha uliyopiga kwenye zoezi la kupanda miti, bango la shirika likionekana nyuma yako, haina tatizo.

Mambo huharibika nembo inapokuwa sura ya akaunti yako. Ukurasa wa Facebook wenye jina la shirika, nembo yake na neno “Mwanza” au “Mombasa” mbele, unasomeka kama tawi hata ukiandika kwa herufi ndogo kwamba ninyi ni wapenzi tu. Jiteni jina lenu na mchore alama yenu. Maelezo yaseme wazi kuwa ninyi ni mashabiki. Kuipaka nembo rangi za klabu za Simba au Yanga, au kuiweka sambamba na picha ya mgombea wakati wa kampeni, ni kulisemea shirika jambo ambalo halikusema. Fulana za kuuza nazo zinahitaji ruhusa, hata ukiahidi kwamba faida yote itapelekwa kwao.

Masharti hayafanani, kwa hiyo soma ya shirika husika. Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, ni miongoni mwa zilizo karimu: inakuruhusu kujichapishia fulana yenye nembo yake mradi huiuzi. Hata picha za nembo zake ilizitoa chini ya leseni huru mwaka 2014. Lakini hapo wengi huteleza, kwa sababu leseni hiyo inahusu hakimiliki ya mchoro tu. Ulinzi wa alama ya biashara ulibaki pale pale.

Msalaba Mwekundu ni habari nyingine kabisa. Alama ile haikuzaliwa kuwa nembo ya shirika. Ilikubaliwa katika Mkataba wa Geneva wa 1864, kwa kugeuza rangi za bendera ya Uswisi, ili askari aliye vitani awatambue waganga na magari ya majeruhi asiwapige. Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 kinawakataza watu binafsi, vyama na kampuni zisizoruhusiwa na mkataba kuitumia, au kutumia alama inayoiiga, wakati wowote, vita viwepo visiwepo. Hilali Nyekundu ina ulinzi kama huo. Kenya imeiingiza mikataba hiyo katika sheria zake, Sura ya 198.

Ukali huo si wa kwenye makaratasi tu. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Prison Architect waliwahi kuandikiwa na Msalaba Mwekundu wa Uingereza kwa sababu ya kimsalaba kidogo kwenye ambulensi ndani ya mchezo. Wakakibadilisha kikawa cha kijani. Mwenye duka la dawa au kikundi cha huduma ya kwanza mtaani naye afanye vivyo hivyo: msalaba mweupe juu ya kijani unaeleweka duniani kote na haumilikiwi na mtu. Na wewe uliyejitolea, kizibao ulichopewa kazini hakikupi haki ya kuigeuza alama hiyo kuwa picha ya akaunti yako.

Ukihitaji kuitumia nembo ya shirika lolote, omba kwa maandishi. Eleza wewe ni nani, utaitumia wapi, kwa muda gani, na uambatanishe mchoro wenyewe. Kutojibiwa si kukubaliwa. Ukiandikiwa uiondoe, iondoe kwanza, kisha uliza unachotaka kuuliza, maana Facebook, Instagram na X hupokea malalamiko ya alama za biashara na zinaweza kuifuta posti, pengine na akaunti nzima, bila hakimu yeyote kuhusika.

Kuhusu fedha sina la kubembeleza: usikusanye mchango wowote chini ya nembo isiyo yako. Matapeli hufanya hivyo hivyo, na mchangiaji hana namna ya kukutofautisha nao. Ukitaka kusaidia, sambaza namba iliyotolewa kwenye tovuti ya shirika lenyewe, na wewe pia ukitaka kuchangia ichukue huko huko, wala si kwenye bango lililotumwa kwenye kundi, hata nembo ikiwa imekaa vizuri namna gani.