Joto la Wikendi Oklahoma: Kwa Mgeni wa Aprili na Mei

Ukitua Oklahoma City majira ya machipuko, labda kwa mahafali ya mwanao huko Norman, utabiri utakaousikia mara kwa mara ni huu: katikati ya wiki kuna kibaridi, Ijumaa upepo unageuka na kuvuma kutoka kusini, wikendi joto linapanda hadi 80 kwa Fahrenheit, yaani kama 27 kwa Selsiasi, na kuna uwezekano wa radi wa asilimia 30. Mgeni hufurahi na kutafuta shati jepesi. Mwenyeji huanza kuangalia simu, nawe fuata mfano wake.

Joto hilo haliji peke yake. Upepo wa kusini hubeba unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, na upande wa magharibi husubiri hewa kavu ya nyanda za juu za Texas na New Mexico. Zinapokutana alasiri, hewa ya moto yenye unyevu hupanda kwa kasi. Ikiwa upepo wa juu una nguvu na unavuma kwa mwelekeo tofauti na ule wa chini, wingu huanza kuzunguka. Humo ndimo zinamotoka mvua ya mawe na tonado. Aliyekulia Kericho anaijua mvua ya mawe, lakini ya hapa huweza kufikia ukubwa wa mpira wa tenisi na kuvunja kioo cha gari.

Ile asilimia 30 nayo isikudanganye. Haisemi mvua itakuwa ndogo. Inasema kwamba mahali ulipo pana nafasi tatu kati ya kumi za kunyeshewa, hata kama ni matone tu. Mawingu ya radi huku mara nyingi huinuka machache, yametengana, na mtaa mmoja ukapigwa vibaya huku wa pili ukibaki mkavu. Kwa hiyo tazama pia ramani ya kituo cha taifa cha utabiri wa dhoruba, ambacho kiko hapo hapo Norman. Ina ngazi 5 za hatari: kijani kilichokolea, njano, chungwa, nyekundu, na zambarau ya kung'aa kwa ngazi ya 5. Mimi, ikifika ngazi ya 3, huahirisha safari yoyote ya barabara ndefu jioni.

Asubuhi tembea bila wasiwasi mwingi. Nenda kwenye kumbukumbu ya watu 168 waliouawa katika mlipuko wa bomu wa 1995 mjini Oklahoma City, ambako kila aliyekufa ana kiti chake kwenye nyasi. Ukitaka kuona nyati wa Marekani, milima ya Wichita iko upande wa Lawton, ila ondoka alfajiri na urudi mapema, kwani kule ni uwazi mtupu na hakuna pa kujikinga na radi. Saa za hatari zaidi ni kati ya saa tisa alasiri na saa tatu usiku.

Simu yako itatumiwa ujumbe wa Kiingereza, na kuna maneno mawili ya kutochanganya. Watch maana yake mazingira ya dhoruba yapo, kaa macho. Warning maana yake tonado imeonekana au rada imeigundua, ingia ndani sasa hivi. Ving'ora vikilia Jumamosi saa sita mchana na anga ni shwari, ni majaribio ya kila wiki.

Usikimbie kwa gari. Tarehe 31 Mei 2013, tonado iliyopita karibu na El Reno ilipanuka hadi kilomita 4.2, na watu wengi waliokuwa wakiikimbia walikwama kwenye foleni barabarani. Wala usijifiche chini ya daraja la barabara kuu. Upepo hupata nguvu zaidi pale, na katika dhoruba ya Mei 1999 watu walikufa mahali hapo walipodhani wamepona. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, geuza. Maji ya sentimita 60 yanaweza kubeba hata gari kubwa.

Hotelini, waulize mapokezi siku ya kwanza wageni hukimbilia wapi. Kwa kawaida ni korido au choo cha ghorofa ya chini, mbali na madirisha. Nyumba nyingi za huku hazina chumba cha chini ya ardhi. Wenye uwezo huchimba handaki kwenye sakafu ya gereji: mlango wa chuma unaoteleza, chini yake ngazi nyembamba zilizosimama wima. Kama mmefikia nyumba ya aina hiyo mkiwa na mama mwenye maumivu ya magoti, mshusheni mara moja mchana, kukiwa shwari, mjue nani atatangulia chini na nani atamshika mkono. Gari lisiegeshwe juu ya mlango huo. Wekeni ndani maji, tochi, dawa zake za presha na pasi za kusafiria, na kila mtu alale viatu vikiwa karibu, maana baada ya dhoruba sakafu hujaa vioo na misumari.

Sweta usiliache Dar. Dhoruba ikishapita, upepo wa kaskazini unaweza kushusha joto nyuzi kumi au zaidi kabla ya asubuhi.