Somo: Kukarabati Modeli Kuukuu za Majengo ya Reli kwa Gharama Nafuu

Modeli ya kituo cha reli iliyochujuka rangi haifai kutupwa. Huenda jengo lenyewe lilishabomolewa na modeli hiyo ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Wakazi walio nazo, nyumbani au shuleni, wanashauriwa kuzipiga picha pande zote kabla ya kuanza kazi, na kuacha sehemu ndogo ya rangi ya awali upande wa nyuma.

Plastiki huoshwa kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Kadibodi hupanguswa kwa brashi kavu tu. Rangi ya zamani isipigwe msasa, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto.

Kazi kubwa iko kwenye paa. Vituo vingi vya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 viliezekwa kwa mabati. Kwa kipimo cha 1:76, wimbi la bati lenye upana wa milimita 76 hubaki milimita 1. Ndiyo maana katoni ya kawaida haifai: mikunjo yake ni mipana mno, na paa huonekana kama limeezekwa kwa mitaro. Chombo cha foili kilichobebea chakula kinatosha. Kioshwe, kinyooshwe juu ya gazeti, kisha kichorwe mistari kwa rula na kalamu iliyoisha wino, kila milimita 1. Vipande vya milimita 10 kwa 32 ni sawa na mabati ya karibu mita 2.4. Vibandikwe kuanzia chini, cha juu kikilalia cha chini, jinsi fundi anavyoezeka. Kazi hii humaliza jioni nzima.

Kuta zinazong'aa hupakwa rangi ya maji isiyong'aa. Mvua hurusha matope chini ya ukuta, hivyo vumbi la udongo mwekundu lililochujwa kwa kitambaa lipakwe kwa brashi kavu, lisipite milimita 4 kutoka chini. Wengi huharibu hapa kwa kuzidisha.

Anayetaka taa atumie LED moja, rezista ya ohm 1,000 na betri ya volti 9, kamwe si stima ya ukutani. Ndani ya kuta pakwe rangi nyeusi kwanza, la sivyo plastiki yenyewe itawaka kama kandili.